Hoho za Kujazwa: Safari ya Tunda la Mexico Hadi Sufuria ya Nyumbani

Hoho ya kujazwa ni pilipili tamu iliyokatwa kichwa, ikasafishwa ndani, ikatiwa mchele na nyama ya kusaga au mboga na nafaka, kisha ikapikwa polepole ndani ya mchuzi au ikaokwa. Huliwa Budapest na Sofia, Istanbul na Baghdad, Cairo na Chicago, na karibu kila mahali huhesabiwa kuwa chakula cha nyumbani kuliko cha hotelini. Historia yake ni ya vitu viwili vilivyokaa mbalimbali kwa karne nyingi bila kujuana. Kimoja ni tunda lenyewe, lililotoka Mexico. Kingine ni ufundi wa kujaza mboga, uliokomaa katika majiko ya Mashariki ya Kati kabla tunda hilo halijafika huko. Vilikutana katika karne ya 16, lakini pishi lenyewe lilichelewa kukamilika, kwa sababu pilipili nyingi zilizovuka bahari zilikuwa kali, na zilikuzwa kwa ajili ya ukali huo. Aliyeziba pengo ni mkulima wa bustani, na sifa yake katika simulizi za chakula haijawahi kutosha.

Pilipili zote za jenasi ya Capsicum ni ndugu wa nyanya, bilinganya, kiazi mviringo na tumbaku, na zote asili yake ni mabara ya Amerika. Pilipili manga, inayotoka India, ni mmea mwingine kabisa. Kati ya spishi tano za Capsicum zilizofugwa na binadamu, iliyoenea zaidi duniani ni Capsicum annuum, na ndani ya spishi hiyo moja wamo hoho, jalapeño, pilipili ya paprika na aina nyingi ndefu zinazouzwa sokoni. Babu yao wa porini bado anaota Mexico. Tunda lake halifikii ukubwa wa punje ya dengu, husimama wima juu ya majani, huwa jekundu likiiva, na huchomoka kwa urahisi kwenye kikonyo. Kila sifa kati ya hizo inamwita ndege. Ndege hausikii ule ukali, ambao unatokana na kemikali iitwayo kapsaisini, naye humeza tunda na kuzitoa mbegu zikiwa nzima mahali pengine. Mnyama mwenye magego huzisaga mbegu, na yeye ndiye anayefukuzwa na moto wa pilipili.

Mabaki ya pilipili yamepatikana katika bonde la Tehuacán, kusini mwa jimbo la Puebla, na katika mapango ya Tamaulipas na Oaxaca. Ushahidi huo unaonyesha kwamba watu wa Mexico walikuwa wakizilima kiasi cha miaka 6000 iliyopita, na kuzichuma porini zamani zaidi ya hapo. Kulima maana yake kulikuwa kuchagua. Mkulima alihifadhi mbegu za mche uliozaa tunda kubwa, uliolishika tunda lisidondoke, na uliolining'iniza chini ya majani ambako ndege halioni. Baada ya vizazi vingi vya uchaguzi wa namna hiyo, kitunda cha ndege kikawa matunda ya maumbo mengi: marefu, ya duara, yaliyopinda, na baadhi yenye uwazi mkubwa ndani.

Kupungua kwa ukali ni sura ya pekee katika habari hiyo, na bila ya hiyo hoho isingekuwapo. Kapsaisini hutengenezwa katika utando mweupe unaoshika mbegu. Mbegu zenyewe huwasha kwa sababu tu zimegusana na utando huo. Utengenezaji wake unahitaji jeni ambayo wataalamu wameipa jina la Pun1, na katika hoho jeni hiyo imepotewa na sehemu yake kubwa, hivyo haifanyi kazi. Kasoro hiyo hujificha ikikutana na jeni nzima: mche uliorithi ukali kwa mzazi mmoja tu bado huzaa pilipili kali. Ndiyo maana mkulima anayepanda hoho karibu na pilipili kali na kutunza mbegu zake mwenyewe huweza kushangaa mwaka unaofuata, kwa kuwa nyuki wamechanganya chavua. Kuhifadhi mbegu tamu kulitaka kutenga mashamba na kutupa mche wowote uliorudi kwenye ukali, kizazi baada ya kizazi, na kazi hiyo ilifanywa karne nyingi kabla neno jeni halijatungwa. Mwaka 1912 mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, alibuni kipimo cha ukali kinachoitwa kwa jina lake hadi leo. Katika kipimo hicho hoho husimama kwenye sifuri.

Wahispania walipoingia Mexico walikuta pilipili katika kila mlo. Mtawa Bernardino de Sahagún, aliyekusanya habari za Waazteki katika karne ya 16 kwa msaada wa wasomi wa Kinahua, aliacha maelezo marefu ya wauza pilipili sokoni na ya michuzi iliyopikwa kwazo. Wageni nao walileta ng'ombe, nguruwe, jibini, ngano, sukari, jozi na zabibu, na kutokana na mchanganyiko huo likazaliwa tawi la Mexico la pilipili za kujazwa. Huko hutumika pilipili ya poblano, yenye rangi ya kijani iliyokolea na ukali wa wastani. Huchomwa juu ya moto mpaka ganda liwe jeusi, hufunikwa kwa kitambaa itoke jasho, humenywa, hupasuliwa ubavuni, hujazwa jibini au nyama, huviringishwa katika mayai yaliyopigwa na kukaangwa.

Aina iliyo mashuhuri zaidi ni ya mji wa Puebla: pilipili iliyojazwa nyama na matunda, ikafunikwa mchuzi mweupe wa jozi, na kunyunyiziwa chembe za komamanga. Masimulizi ya Mexico yanasema watawa wa kike wa nyumba ya Santa Mónica waliiandaa kwa heshima ya Agustín de Iturbide alipopita Puebla mwezi Agosti 1821, siku chache baada ya kutia saini Mkataba wa Córdoba uliokubali uhuru wa nchi hiyo, na kwamba kijani, nyeupe na nyekundu za sahani zilikuwa rangi za bendera mpya. Hilo ni simulizi la jadi zaidi kuliko habari yenye hati za kuithibitisha. Lililo hakika ni kwamba pishi hili ni la msimu, kwani jozi mbichi na makomamanga huiva pamoja huko kati ya Agosti na Septemba.

Safari ya kuvuka Atlantiki ilianza na Christopher Columbus mwenyewe, aliyeandika habari za pilipili katika kumbukumbu zake za Januari 1493, akiwa kisiwa cha Hispaniola. Kilichofuata kilikwenda kasi. Wareno waliibeba pilipili kwenye njia yao ya Goa, iliyopita Msumbiji na bandari za pwani ya Afrika Mashariki, na katika karne moja tu ikawa imeota kuanzia Afrika Magharibi hadi Asia. Kasi hiyo iliwapoteza hata wasomi. Mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Leonhart Fuchs, alipochapisha picha za pilipili mwaka 1542, aliihesabu kuwa mmea wa India. Pwani ya Waswahili iliipokea pilipili kwa moyo mmoja, ikaiweka kwenye samaki, kwenye nazi na kwenye achari. Lakini iliyofika wakati huo na kushika mizizi ni pilipili kali. Hoho tamu ilikuja baadaye sana, kwa njia nyingine.

Wakati huohuo, upande wa pili wa historia hii ulikuwa tayari mzee. Kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 na Muhammad ibn al-Hasan al-Baghdadi kina maelekezo ya bilinganya kubwa lililokatwa kikonyo, likatolewa mbegu na kujazwa nyama iliyokatwakatwa na kukolezwa viungo. Majiko ya Kiajemi na ya Kituruki yaliuendeleza ufundi huo, na katika dola ya Uthmaniya ukawa somo kamili la upishi kwa jina la dolma. Vilijazwa vitunguu, mamumunye, mabilinganya, majani ya mzabibu, majani ya kabichi, na hata matunda. Wapishi wa Istanbul walizitenga dolma katika matawi mawili ambayo yangali hai Uturuki. Tawi la kwanza ni la nyama na mchele, linalopikwa kwa siagi au mafuta ya mnyama na kuliwa likiwa moto. La pili halina nyama kabisa: mchele, vitunguu vingi, mafuta ya zeituni, njugu za msonobari, zabibu kavu ndogo, mdalasini na pilipili manga, na huliwa baada ya kupoa.

Ufundi huu haukudumu kwa sababu ya urembo wake tu. Kipande cha nyama kisichotosha watu wawili kikichomwa, kikisagwa na kuchanganywa na mchele hutosha jamaa nzima, na mchele unaoiva ndani ya mboga hunywa kila tone la mchuzi wa nyama ambalo lingepotelea kwenye sufuria. Mchele wenyewe ulikuwa na gharama katika sehemu nyingi za Anatolia, hivyo vijijini walitumia ngano iliyochemshwa, ikaanikwa na kuparazwa. Hadi leo kusini mashariki mwa Uturuki ngano hiyo ndiyo inayopendwa ndani ya dolma. Dolma ya ikulu na dolma ya kijijini zilitofautiana kwa kilichotiwa ndani. Mkono uliojaza ulifanya kazi ileile.

Pilipili iliingia katika mazingira hayo katika karne ya 16. Jeshi la Uthmaniya liliwashinda Wahungaria huko Mohács mwaka 1526, likaushika mji wa Buda mwaka 1541, na likakaa huko mpaka 1686. Katika kipindi hicho pilipili ilionekana Hungaria, kwanza katika bustani za matajiri kama mmea wa kupendezesha macho, ikijulikana kwa jina la Waturuki walioileta. Ilichukua muda kushuka hadi kwenye chungu cha mkulima, na iliposhuka ilikaushwa na kusagwa, ikafanya kazi ya pilipili manga kwa watu wasioweza kuinunua. Kujaza kulitaka kitu kingine kabisa: tunda lenye ukuta mnene, tumbo pana, kitako kinachosimama, na ladha inayoweza kuliwa kama mboga bila kuunguza kinywa.

Nyanya nayo ilichelewa. Ilikuwa imefika nchi za Mediterania katika karne hiyohiyo ya 16, lakini majiko ya Uthmaniya hayakuizoea kwa wingi kabla ya karne ya 18 na ya 19, na kwa muda ilipikwa ikiwa bado kijani. Kitabu cha kwanza cha mapishi kuchapwa kwa Kituruki, Melceü't-Tabbâhîn cha Mehmed Kâmil, kilitoka mwaka 1844. Kwa hiyo sura ya pishi inayofahamika leo, hoho iliyosimama katika mchuzi mwekundu wa nyanya, ni ya karne ya 19 kuliko ya enzi za Sultani Suleiman katika karne ya 16. Wenye kuiita chakula cha kale cha masultani wanauheshimu ufundi wa kujaza, na hapo wana haki. Viungo viwili vikuu vya pishi hilo, hata hivyo, vyote ni vya Amerika.

Hapa ndipo wanapoingia wakulima wa Bulgaria, na hii ndiyo sehemu ya historia inayostahili kusimuliwa kwa kituo. Katika karne ya 19, wanaume wa vijiji vya jirani na Veliko Tarnovo, hasa Lyaskovets, walikuwa na desturi ya kwenda kulima mboga ugenini. Waliondoka kwa makundi mwanzoni mwa majira ya kuchipua, wakakodi ardhi kando ya mito karibu na miji mikubwa ya Hungaria, Austria, Serbia, Romania na Urusi, wakalima mpaka vuli, kisha wakagawana mapato na kurudi kwao. Walikuwa na ujuzi ambao wenyeji wengi hawakuwa nao: kukuza miche mapema katika vitalu vilivyopashwa joto na samadi, kuinua maji ya mto kwa gurudumu lililozungushwa na farasi, na kuyagawa kwa mifereji midogo kati ya matuta. Katika mizigo yao walibeba mbegu walizozichagua wenyewe, zikiwemo za pilipili tamu na nene za kula kama mboga.

Robo ya mwisho ya karne hiyo wakulima wa Kibulgaria walikuwa wamekaa katika eneo la Szentes, kusini mashariki mwa Hungaria, na eneo hilo likawa kitovu cha kilimo cha hoho nchini humo, sifa ambayo halijaipoteza. Wahungaria walijifunza kwao, wakaendeleza aina zao wenyewe. Mojawapo, yenye rangi ya manjano iliyopauka, ukuta laini na umbo la koni butu, huuzwa sokoni kwa jina linalomaanisha waziwazi kwamba ni hoho ya kujaza. Uhusiano wa tunda na pishi ulikuwa umekamilika: mahitaji ya sufuria yalikuwa yamefika mpaka kwenye uchaguzi wa mbegu.

Hoho ya kujazwa ya Hungaria hutiwa nyama ya nguruwe ya kusaga, wali ulioiva nusu, kitunguu kilichokaangwa, yai, na unga mwekundu wa paprika. Huiva ndani ya mchuzi wa nyanya uliofanywa mzito kwa unga wa ngano na kutiwa sukari kidogo, na majani ya seleri huongeza harufu. Utamu wa mchuzi huo huwashangaza majirani wa kusini, ambao huupenda uchachu wa nyanya ubaki. Nchi hiyo imezichukulia pilipili zake kwa uzito kuliko nyingine yoyote ya Ulaya. Mwaka 1859 ndugu wawili wa ukoo wa Pálfy, mjini Szeged, walianzisha njia ya kuondoa utando na mbegu kabla ya kusaga, ikapatikana paprika isiyowasha ambayo iliweza kuuzwa mbali.

Mjini Szeged pia ndiko mwanasayansi Albert Szent-Györgyi alikotafuta chanzo cha kutosha cha vitamini C mwanzoni mwa miaka ya 1930. Alisimulia baadaye kwamba jioni moja aliandaliwa pilipili nyekundu mbichi mezani, hakuwa na hamu nayo, akaikumbuka kuwa ndio mmea ambao hajaupima, akaibeba hadi maabara. Kabla ya usiku kwisha alikuwa amejua kwamba ina vitamini hiyo kwa wingi mno. Katika majuma machache alipata fuwele zake kwa kilo, wakati awali wataalamu walihangaikia gramu. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1937. Ugunduzi huo unaeleza pia kwa nini hoho nyekundu ni bora kuliko ya kijani kwa mlaji: ni tunda lilelile lililoachwa likaiva shambani, likaongeza sukari na vitamini.

Bulgaria yenyewe ina desturi yake isiyo na nyama. Mkesha wa Krismasi, siku ya kufunga kwa Wakristo wa Orthodox, mezani huwekwa vyakula visivyo na kitu cha mnyama, na idadi ya sahani huwa witiri. Kimojawapo ni pilipili nyekundu zilizokaushwa, zikalainishwa kwa maji moto na kujazwa maharage yaliyopondwa na vitunguu. Kukausha kulikuwa ndiyo njia ya kula pilipili wakati wa baridi kali. Zilitungwa kwenye uzi na kutundikwa chini ya paa, na katika mji wa Gaziantep, Uturuki, mashada ya pilipili na mabilinganya yaliyokwanguliwa ndani na kuanikwa bado hupamba maduka ya sokoni, tayari kwa kujazwa miezi ambayo bustani ni tupu.

Upande wa mashariki, hoho haikupewa sufuria yake peke yake. Iraki huipanga katika sufuria moja pamoja na tabaka za vitunguu, mabilinganya, nyanya na majani ya mboga, vyote vikiwa na kijazo kimoja cha mchele na nyama ya kondoo. Chini hutandikwa mbavu zisiache mboga ziungue. Mchuzi hutiwa uchachu wa ndimu, ukwaju au maji ya komamanga yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito, na chungu kikiiva hupinduliwa juu ya sinia kubwa, watu wakazunguka. Azerbaijan hupika bilinganya, nyanya na hoho pamoja wakati wa kiangazi, na wenyeji huzihesabu hizo tatu kuwa dada. Mwaka 2017 UNESCO iliingiza desturi ya Azerbaijan ya kupika dolma na kugawana katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Misri huacha nyama mara nyingi, na kukoleza mchele kwa nyanya, shibiti na giligilani nyingi kiasi kwamba kijazo huwa na rangi ya kijani kabla ya kuiva.

Magharibi mambo yalikwenda kwa njia zake. Huko Lodosa, katika jimbo la Navarra nchini Hispania, pilipili ndogo nyekundu ya piquillo huchomwa motoni, humenywa kwa mkono na kujazwa samaki wa chumvi, na tangu mwaka 1987 jina lake linalindwa kisheria. Waingereza walikuwa wameiona pilipili yenye umbo la kengele mapema. Lionel Wafer, tabibu aliyesafiri na maharamia, aliitaja katika kitabu chake cha 1699 kuhusu shingo ya nchi ya Panama. Kilichowafundisha kuijaza, hata hivyo, kilitoka Bahari ya Hindi. Katika karne ya 17 meli zilizorudi kutoka India zilileta achari ya embe, na kwa kuwa maembe hayakuota Uingereza, wapishi walijaribu kuiga. Walikwangua matikiti machanga, matango na pilipili, wakayajaza viungo na kabichi, wakayafunga kwa uzi na kuyazamisha kwenye siki. Desturi hiyo ilivuka hadi Marekani. Kitabu cha Amelia Simmons cha mwaka 1796 kina maelekezo ya kutengeneza achari ya namna hiyo kwa tikiti, na katika majimbo ya Ohio, Indiana na Pennsylvania watu wengi waliendelea kuiita hoho kwa jina la embe mpaka karne ya 20.

Thomas Jefferson alipanda aina ya hoho iliyoitwa Bull Nose katika mashamba yake ya Virginia mwaka 1812. Mwaka 1928 ilitoka aina ya California Wonder, yenye vyumba vitatu au vinne, kuta nene na kitako bapa kinachosimama chenyewe kwenye trei ya oveni. Ni vigumu kufikiria tunda lililofaa zaidi kujazwa, na lilikuja wakati wake. Miaka michache baadaye mdororo mkuu wa uchumi uliwafikisha Wamarekani mahali ambapo Anatolia ilikuwapo siku zote: nyama kidogo, watu wengi. Nyama ya ng'ombe ya kusaga, wali uliobaki, nyanya za kopo na jibini juu yake likawa pishi la kawaida la familia.

Ni mbegu hizo za California Wonder, pamoja na Yolo Wonder na chotara za baadaye, zilizoijaza Afrika Mashariki hoho. Hoho hustawi katika nyanda zenye ubaridi wa wastani: Lushoto kwenye milima ya Usambara, Mgeta huko Uluguru, Arusha, Kirinyaga na Loitokitok. Zanzibar na Mombasa wengi huiita pilipili boga. Kazi yake kubwa jikoni imekuwa kukatwa vipande: kwenye mchuzi wa rosti, kwenye mishikaki kati ya nyama na kitunguu, kwenye mboga za kukaanga. Kujazwa kuliingia zaidi kupitia nyumba za Wahindi wa pwani na mijini. Wagujarati hupasua pilipili ndefu zisizo kali sana, wakazitia unga wa dengu uliokaangwa na bizari, sukari na ndimu. Hoho kubwa nazo hujazwa viazi vilivyopondwa na kukolezwa. Kijazo cha nyama hakikuhitaji mwalimu mpya. Kima ya sambusa, yaani nyama ya kusaga iliyokaushwa na vitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, bizari nyembamba na kotimiri, ilikuwa tayari inajulikana katika kila nyumba ya pwani, na ikichanganywa na wali huingia ndani ya hoho bila kubadilishwa chochote.

Utaratibu wa kupika una sababu zilizopatikana kwa uzoefu wa karne hizo zote. Hoho huchaguliwa zinazolingana, ili ziive pamoja, na zenye kitako cha kusimama. Kichwa hukatwa chini kidogo ya kikonyo na kutunzwa kuwa kifuniko, ingawa Waturuki wengi hupendelea kipande cha nyanya, ambacho huachia maji yake ndani. Utando wote mweupe hutolewa, kwa kuwa una uchungu hata pale usipokuwa na ukali. Wenye kutaka ganda laini huzichovya hoho katika maji ya chumvi yanayochemka kwa dakika 2 au 3. Kama mchele ni mbichi, hoho haijazwi zaidi ya robo tatu, kwani mchele utavimba na kupasua ukuta. Kama ni wali ulioiva, hujazwa mpaka juu. Hupangwa wima katika sufuria, zikibanana zisianguke, mchuzi wa nyanya ukamiminwa mpaka nusu ya kimo chake, na sahani ikawekwa juu kuzituliza. Moto huwa mdogo kwa kiasi cha dakika 45, au zaidi kidogo kwa mchele mbichi na nyama mbichi. Moto mkali huvunja ganda kabla ya kiini kuiva.

Kuoka hakuhitaji oveni. Sufuria nzito iliyowekwa juu ya makaa machache, ikafunikwa kwa sinia la bati na kupaliwa makaa mengi zaidi juu, hutoa joto la pande mbili, namna ileile inayotumika pwani kwa mkate wa kumimina. Ndani yake hutiwa kikombe cha mchuzi au maji ya nyanya ili mvuke usikosekane, na makaa ya juu huongezwa mwishoni, nyama ikauke kidogo na kingo za hoho zishike rangi.